Dele la Shaba na Haki ya Muuzaji



Wasomaji wetu wapenzi, mama zetu na dada zetu, juma hili nawaletea kisa kilichonifika nilipokuwa Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria, nilikoalikwa kutoa darsa. Si kisa ninachopenda kukisimulia, kwani mwenye kosa ndani yake ni mimi.

Wanaonijua wanaujua udhaifu wangu wa vitu vya kale. Nikiingia sokoni, macho yangu huviacha vipya yakatafuta pasi ya makaa, taa ya chemli, sinia iliyopinda ukingo. Jambo hilo si haramu. Kutumia kilichokwisha kutumiwa ni njia moja ya kujiepusha na israfu, na wengi wetu tumewavisha watoto wetu mitumba, wakaenda Idi wakiwa wamependeza.

Siku hiyo wauza mitumba walikuwa wamefungua marobota, na akina mama wamejazana wakiziwania nguo za chaguo la kwanza, zile ziitwazo kamera. Pembeni aliketi mama mmoja mtu mzima, ametandika gunia na kupanga juu yake vyombo vya nyumbani kwake: sufuria mbili, kibao cha kukalia, na dele la kahawa lililojaa masizi. Nililigeuza, nikaona chini ya masizi nakshi za mkono kama za madele ya bibi zetu. Si ajabu chombo cha pwani kufika huko. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikachukua watu na bidhaa hadi Kendu Bay na Homa Bay.

“Mama, hili kiasi gani?”

“Mia tatu, mzee.”

Nilijua kwamba Mombasa muuza vitu vya kale asingeliuza chini ya shilingi elfu tano. Hata hivyo nilimwomba apunguze. Akaniachia kwa mia mbili na hamsini, nami nikaondoka nimelifunga ndani ya kikoi changu, moyo umejaa furaha ya aliyeokota lulu.

Jioni mke wa mwenyeji wangu alilisugua kwa majivu na ndimu, shaba ikang’aa. Akalitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu, “Sheikh, na yule mama alijua anachouza?”

Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilijitetea kwa elimu niliyosomeshwa. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mtu kupunjika katika bei peke yake hakumpi haki ya kuivunja biashara, maadamu hakudanganywa. Sikumdanganya. Bei aliitaja yeye, tukaridhiana na kuachana. Biashara imesihi.

Lakini ndugu zangu, kusihi kwa biashara ni jambo moja, na kusalimika mbele ya Mwenyezi Mungu ni jambo jingine. Nilimkumbuka Jarir bin Abdillahi, sahaba wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Imepokewa kwamba alinunuliwa farasi kwa dirham mia tatu, naye alipomwona akajua kwamba thamani yake ni zaidi. Akamwendea mwenyewe, akampandishia bei hatua kwa hatua mpaka ikafika mia nane, kwa sababu alimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu.

Nafsi ikaninong’oneza: lakini yule mama si Muislamu. Nikaijibu kwa maonyo ya Nabii Shuaib kwa watu wa Madyan. Aliwakataza kuwapunja watu vitu vyao. Alisema watu, hakuchagua dini. Na Mtume wetu alikataza kuilaki misafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajaijua bei ya sokoni. Katazo hilo linamlinda asiyejua dhidi ya anayejua. Mimi sikutoka kuulaki msafara wowote, lakini nililiacha giza la asiyejua liwe faida yangu.

Tusichanganye mambo. Muuza mitumba aliyenunua robota bila kuona ndani ameingia biasharani akijua kwamba atapata na atakosa. Ukichambua rundo lake ukapata koti zuri kwa bei aliyoipanga yeye, hiyo ni riziki yako, vaa na umshukuru Mola wako. Mjane anayetoa chombo chake ndani kwa dhiki si mfanyabiashara. Yeye anauza haja yake, na anayekijua chombo hicho amebeba amana ya kusema.

Asubuhi nilimtafuta, nikaonyeshwa kwake. Nilimweleza thamani ya dele na kumpa hiari: nimwongezee pesa, au tuitangue biashara. Akacheka. “Mimi nilikuwa nawekea maji ya vifaranga!” Kisha akanyamaza. Lilikuwa la mama mkwe wake, marehemu, na alikuwa ameliuza ili mjukuu arudi shule. “Basi nirudishie kwanza, mzee, nizungumze na mwanangu.” Akafungua fundo la leso, akanihesabia mia mbili na hamsini zangu, zote, hata senti hakutumia.

Nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa mzito kulitoa. Nilitaraji atasema niongeze, nami nirudi nalo Mombasa. Lakini kukubali kutangua biashara ya aliyejuta kuna ahadi ya msamaha wa Mwenyezi Mungu, na msamaha ndio niliouhitaji zaidi.

Mama zangu, zamu hii hutufika na sisi. Wapo madalali wanaobisha hodi katika miji yetu, wakiulizia kasha la bibi, sinia, hata mlango wa nakshi, hasa nyumba ikiwa na msiba. Msiuze kwa haraka. Ulizeni kwanza kwa watu wawili watatu wanaojua, na kumbukeni kwamba kitu cha marehemu ni cha warithi wote. Tena sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 2006 inavilinda vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, pamoja na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1946. Havitolewi nchini bila kibali. Na kama tunavyotaka dalali atuambie kweli, ndivyo inavyotupasa sisi kusema kweli tunapokuwa wanunuzi.

Nilirudi nyumbani na mfuko wa omena. Mke wangu akauliza, “Safari hii hukuokota kitu?” Nikamwambia ningelikiokota, lakini kilikuwa na mwenyewe.

Mola atujaalie riziki ya halali, na atukinge na faida inayotokana na kutojua kwa wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.