Mzee Anaposema Hakupewa Chakula



Katika barua tulizoletewa tangu Mfungo Sita iko moja iliyotukaa moyoni. Imeandikwa na mke wa mtu wa hapa hapa wilayani kwetu Karatu, anayemtazama baba wa mumewe. Asema kuwa mzee hula chakula chake cha mchana akamaliza, na kabla sahani haijaoshwa hutoka barazani akawaambia wapita njia kuwa tangu alfajiri hajapewa hata uji. Majirani wamekwisha kumwita mwanamke huyu jina baya, na mumewe sasa humtazama kwa jicho la shaka. Atuuliza: je, mzee anasema uwongo makusudi, ama amefanyiwa kitu na watu?

Jibu letu ni kwamba hasemi uwongo, wala hakufanyiwa kitu. Lakini hatuwezi kulitoa jibu hili kama watu tuliolijua zamani. Tulilijua baada ya kukosa, na haifai kuwaficha wasomaji kosa hilo.

Alikuwako hapa mjini maalimu wetu, aliyetushika mkono tangu alifu mpaka tukahitimu. Alipokaribia umri wa miaka 80 alianza kutuuliza swali moja mara nne katika kikao kimoja. Tukacheka, tukasema: uzee. Akawa yuaja msikitini kavaa kanzu ndani nje. Tukasema: uzee. Kisha akadai kuwa mke wa mwanawe amemwibia tasbihi, na kuwa humnyima chakula. Hapo hatukusema uzee. Hapo, tazama ajabu yetu, tulimsadiki! Tukakaa kikao sisi wakubwa wa mtaa, tukamwita yule mwanamke, tukamsema mpaka akalia, na alipotaka kujieleza tukamwambia anyamaze mbele ya wazee. Haikupita wiki, maalimu akatoka baada ya Isha akenda zake. Alipatikana asubuhi katika njia ya Oldeani, miguu imechubuka, akisema anakwenda kwa mama yake. Mama yake alikuwa kaburini miaka 40. Na aliyekesha akimtafuta kwa kurunzi ni yule yule mwanamke tuliyemliza.

Jambo lililotupotosha ni hili. Maalimu asiyejua kuwa amekula, alikuwa akisikia mtoto amekosea irabu katika Yasini humsahihisha pale pale, hali amefumba macho. Tukasema: mtu ambaye Kurani yake imo kamili kifuani, atasahauje sahani ya wali?

Wataalamu wamelifumbua fumbo hili. Ndani ya ubongo, karibu na usawa wa sikio, iko sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kupokea mambo mapya na kuyahifadhi. Katika ugonjwa wa Alzheimer sehemu hiyo huwa miongoni mwa zile zinazoharibika kwanza. Basi mzee hakukisahau chakula kama sisi tusahauvyo ufunguo. Chakula kile hakikupata kuandikwa kabisa. Lakini kilichoandikwa utotoni, kikarudiwa mara elfu, huchelewa sana kufutika. Na akili ikikuta pengo hulijaza yenyewe: tasbihi haionekani, basi imeibwa, tumbo halikumbuki kitu, basi nimenyimwa.

Ugonjwa huu umepewa jina la tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika hospitali ya Frankfurt, alimpokea mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, ambaye ugonjwa wake ulikuwa umeanza kwa kumshuku mumewe. Tabibu alimkuta akila nyama na koliflawa. Alipomwuliza anakula nini, alijibu: spinachi. Tuliposoma haya tuliweka kitabu chini tukamkumbuka maalimu wetu. Mwanamke yule alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliutazama ubongo wake kwa darubini, akaona mambo mawili: madoa magumu baina ya seli za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo twajua kuwa madoa yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau. Huanza kujikusanya miaka 15 au 20 kabla mtu hajaonekana kukosa lolote. Kwa nini hukusanyika kwa huyu zikamwacha yule, ndilo swali linaloshughulisha maabara za dunia mpaka leo.

Wako watu, nao si wachache, wasemao kuwa haya ni maradhi ya Wazungu. Hasha! Hatuna haja ya kwenda mbali. Tushuke mpaka Arusha, tuelekee Moshi, tusimame Hai chini ya mlima Kilimanjaro. Wataalamu wa hapa nchini pamoja na wenzao wa kaskazini ya Uingereza walikwenda vijijini huko wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka 2013, yalionyesha kuwa wazee 78 walikuwa na demensia, yaani hali ya akili kupungua hata mtu asiweze kuyaendesha mambo yake. Baada ya kuyalinganisha mahesabu na umri wa watu, ni kiasi cha 6.4 katika kila 100. Alzheimer ndiyo sababu kubwa ya demensia, na ya pili ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, kama baada ya kiharusi. Huko huko Hai walipima na presha ya damu, wakakuta wazee saba katika kila kumi wanayo presha ya juu. Nani kati yetu amempeleka mzazi wake kupimwa presha hali hajaanguka?

Na sasa tuseme jambo ambalo sisi walimu wa chuoni lilitufurahisha kuliko yote. Vipimo vya akili vilivyotoka Ulaya na Marekani humtaka mtu aandike sentensi, achore maumbo, ahesabu kwa kurudi nyuma. Bibi ambaye hakupata kushika kalamu maishani mwake ataanguka katika mtihani huo hali akili yake ni nzima, kisha aambiwe ni mgonjwa. Dhuluma iliyoje! Watafiti wa Hai waliliona hilo, wakatengeneza kipimo kingine, kiitwacho IDEA, chenye alama 15. Mzee hutakiwa ataje majina ya wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja. Aeleze daraja ni kitu gani. Asomewe maneno kumi, na baadaye aulizwe ameshika mangapi. Apange njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Hapana kalamu wala karatasi kwa mzee. Muuguzi wa zahanati aweza kufundishwa kukitumia. Twadhani mzee wa Kimasai wa Ngorongoro, ambaye hawezi kusoma jina lake lakini humtambua kila ng'ombe kwa rangi na pembe, katika kipimo kama hiki angepata haki yake.

Watafiti hao hawakukomea kwenye kupima. Wazee 34 wenye demensia walikusanywa kwa vikundi, wakawa wanakutana kuzungumza, kuimba, kucheza na kukumbushana mambo ya zamani, kwa mpango uliosimamiwa na watu wa afya. Ripoti ya mwaka 2017 yasema kuwa hali yao ya maisha na akili zao ziliona nafuu, na wasiwasi ukapungua. Dawa yenyewe ilikuwa mazungumzo. Nasi maalimu wetu tulikuwa tumemwacha peke yake barazani, kwa kuwa tulichoka kujibu swali lile lile.

Wilayani kwetu nako pana jambo la kutazamwa. Kule bonde la Eyasi, upande wa Mang'ola, wanaishi Wahadzabe, wawindaji na wachimba mizizi. Mtaalamu David Raichlen wa Marekani na wenzake waliwafunga vyombo vya kupimia mapigo ya moyo, wakatangaza mwaka 2017 kuwa Mhadzabe kwa siku hupata kadiri ya dakika 135 za kazi ya kuuhemesha mwili, na kwamba presha na mafuta mabaya katika damu ni haba kwao hata uzeeni. Hawakuhesabu demensia katika kazi hiyo, na asije mtu akasema Wahadzabe hawasahau. Lakini Raichlen huyo huyo aliendelea kuuliza ubongo unahitaji mwendo kiasi gani, na mwaka 2023 akatangaza khabari za Waingereza karibu 50,000 wenye miaka 60 na zaidi: waliokaa kitako zaidi ya saa kumi kwa siku, hatari yao ya kupata demensia ilikuwa kubwa zaidi. Basi yule mama mzee ambaye watoto wake wa mjini wamemwambia, “Mama, usiinuke, sisi tupo,” huenda wamemnunulia raha kwa bei kubwa.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa nchi mbali mbali lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari hii, likasema kuwa yakirekebishwa yote, karibu nusu ya demensia ya duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Humo mna presha, kisukari, sigara, ulevi, kupigwa kichwani, upweke, kukosa elimu utotoni, macho mabovu na masikio mazito. Hili la masikio watu hulidharau sana. Mzee asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na akili isiyozungumza na mtu huchakaa.

Ama dawa za kuondoa amiloidi, zimepatikana mbili: lecanemab iliruhusiwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, na donanemab mwaka 2024. Hupunguza mwendo wa ugonjwa kwa walio mwanzoni. Haziponyi, zaweza kuvimbisha ubongo au kuutia damu, na mtumiaji hana budi kupigwa picha za kichwa mara kwa mara. Mei 2025 Marekani iliruhusu pia kipimo cha damu cha kusaidia kuutambua ugonjwa. Mwenye kuambiwa sokoni kuwa iko chupa ya kurudisha kumbukumbu, na afunge mkoba wake.

Basi tumwambie nini dada yetu aliyeandika? Kwanza, mzee apelekwe hospitali, kwani si kila kusahau ni Alzheimer. Tezi ya shingo ikilegea, damu ikivuja taratibu ndani ya kichwa baada ya kuanguka, huzuni nzito ya kufiwa, hata dawa alizopewa kwa maradhi mengine, zote zaweza kuivuruga akili, na baadhi yake hutibika. Akili ikivurugika ghafula, kwa siku moja au mbili, basi asingojwe mpaka kesho. Huenda ni homa ya mapafu, au mkojo mchafu, au kiharusi. Hapa Karatu tuna bahati: katika hospitali ya FAME, iliyoanza kazi mwaka 2008, madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania wamekuwa wakija kwa vipindi kwa zaidi ya miaka kumi. Aende na mfuko wenye dawa zake zote, na karatasi iliyoandikwa ni lini alianza kusahau, na nini.

Pili, asibishane naye. Kumwambia “umekula!” ni kumwambia kuwa yeye mwongo. Na agawe chakula cha mchana mafungu mawili. Mzee akisema hajala, apewe la pili, kidogo kidogo, bila ya neno. Vitu vyake vikae mahali pamoja, wala asihamishwe chumba bila ya dharura. Mwenye akili hii huijua nyumba kwa miguu zaidi kuliko kwa macho. Tangu mwaka 2022 jamaa nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, huko Handeni. Kwa mzee aliyejua kuliko kwao kwa kutazama mlima, uhamisho kama huo ni mzito mara mbili, na wenye wazee hao wawe karibu nao hasa nyakati za jioni.

Wengi hutuuliza juu ya sala. Aliyepotewa na akili hana dhambi kwa sala iliyompita, na akisali Adhuhuri mara tatu asikaripiwe. Mwenye nyakati za kuzinduka na akumbushwe kwa upole wakati huo, mtu asali kando yake ili amfuate.

Maalimu wetu alifariki akiwa mikononi mwa mke wa mwanawe. Sisi wakubwa wa mtaa tulikwenda kumtaka radhi baada ya hitima. Alitusamehe, lakini alituuliza kwa nini hatukumwuliza yeye siku ile, na hatukuwa na jibu.

Dada yetu hakuweka jina la mumewe katika barua, nalo la kwake tumelihifadhi. Gazeti hili na aliweke mahali ambapo mumewe ataliona. Ikiwa hilo halikutosha, madrasa yetu yajulikana, na baada ya Alasiri twapatikana. Tutakwenda pamoja naye mpaka kwa mumewe na kwa majirani pia, na safari hii yeye ndiye atakayesema kwanza.