Mtoto mwenye mtindio wa ubongo naye apelekwe madrasa



Ndugu msomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji ya kunywa, vyoo na vyandarua. Leo naomba tumzungumzie mtoto ambaye huenda yupo nyumba ya tatu kutoka kwako na hujawahi kumuona hata siku moja. Amelazwa chumba cha uani. Shingo yake haijakaza, mikono imejikunja, miguu inapishana kama mkasi, udenda unamtoka. Watoto waliozaliwa naye mwaka mmoja wamekwishafika Yasini. Yeye hata alifu hajaonyeshwa.

Kitabibu hali hiyo inaitwa mtindio wa ubongo. Majina mengine yanayotumika mitaani sitayaandika, kwani yanamvunjia heshima kiumbe wa Mwenyezi Mungu (s.w). Ninachotaka kusema ni kuwa mtoto huyu apelekwe madrasa, tena apelekwe sasa, akiwa hivyo hivyo alivyo. Tukisubiri kwanza atembee au azungumze, wengi tutawasubiri mpaka wafe.

Mtindio wa ubongo hutokana na jeraha lililoupata ubongo wakati ungali unakua. Huweza kutokea tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Jeraha hilo halisambai na halimuambukizi mtu mwingine. Katika vijiji vya delta kama Mbwera na Kiongoroni, sababu moja haihitaji mganga wa kuitafuta. Mama anashikwa na uchungu usiku, maji yamekupwa, mtumbwi umekaa juu ya tope, na safari inangoja maji yajae. Uchungu ukivuta mno, mtoto hukosa hewa, akazaliwa amelegea, asilie. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti yametukumbusha jinsi njia ya kwenda kwa mkunga inavyoweza kukatika.

Sababu nyingine ni kuzaliwa njiti, homa ya uti wa mgongo, na manjano kali ya siku za mwanzo. Kumuanika mtoto juani asubuhi hakutibu manjano kali, apelekwe kituoni. Kisha ipo malaria iliyopanda kichwani, ambayo wazee wetu waliiita degedege wakiamini ni dege au shetani anayempitia mtoto, wakamfukiza kwa mavi ya tembo. Moshi ukiwa unafuka, ubongo unaendelea kuumia. Imepokewa katika Sahihi Bukhari habari ya mwanamke aliyekuwa akianguka kifafa, akaja kwa Mtume (s.a.w) kuomba dua. Alipewa hiari ya kusubiri na malipo yake ni Pepo, akachagua kusubiri, ila akaomba asifunuke nguo anapoanguka. Ibn Abbas (r.a) alikuwa akimuonyesha kwa watu kuwa huyu ni mwanamke wa Peponi. Sisi wa kwetu tunamficha wageni wakibisha hodi.

Sasa tuje kwenye akili, maana hapa ndipo dhulma kubwa inapofanyika. Watu huona mdomo umepinda na maneno hayatoki, wakahukumu kuwa humo ndani hamna mtu. Ukweli ni kwamba karibu nusu ya watoto wenye mtindio wa ubongo hawana ulemavu wa akili. Jeraha limegusa sehemu inayotawala misuli, basi. Anakusikia, anakuelewa, anajua umesema nini juu yake mbele ya jirani. Na katika nusu iliyobaki wapo wengi wanaojifunza, ila kwa mwendo wa polepole.

Ndugu zangu, tafakarini maana ya jambo hili kwa sheria yetu. Mtoto mwenye akili timamu akibaleghe, taklifu inamshukia. Swala inamuwajibikia kwa namna anayoiweza: kwa kukaa, kwa kulala ubavu, kwa ishara ya macho. Nani alimfundisha? Baba atajibu nini kwa mtoto aliyefikisha miaka kumi na tano akiwa na akili zake, hajui Fat-ha kwa sababu tu miguu ilikuwa haisimami? Hata maskini wa kutupwa humpeleka mwanawe chuoni na kibao chake. Huyu tumemnyima hata hicho kibao.

Wengine watasema watoto hawa wanahitaji elimu maalumu na wataalamu. Ni kweli kabisa, wala sidharau. Hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani, Dar es Salaam, ina huduma za viungo kwa watoto wa aina hii. Walimu wa elimu maalumu wanafundishwa Chuo cha Patandi huko Arusha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu kama mwenzake, na inataka kuwepo kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji. Muulize mwenyekiti wa kijiji chako kamati hiyo ilikaa lini mara ya mwisho. Lakini hebu pima safari. Kutoka Kibiti hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 130 za lami, na hapo hujahesabu mtumbwi wa kutoka delta hadi Nyamisati, nauli ya mama, nauli ya anayemsaidia kumbeba, na siku za kulala mjini. Mtaalamu anaweza kuonwa mara mbili au tatu kwa mwaka. Madrasa ipo hapo chini ya mwembe, siku tano au sita kwa wiki, na mwalimu wake anamjua mtoto kwa jina.

Hoja ninayoisikia mara kwa mara kutoka kwa maalim zetu ni ya tohara. "Tabibu, atatunajisia jamvi." Mimi nilikaa kwenye jamvi hilo hilo kabla ya kwenda chuo cha utabibu, kwa hiyo naielewa hofu hiyo wala siicheki. Ila tuitazame kwa elimu.

Kwanza udenda. Mate ya binadamu si najisi. Ni kero tu, na kero huondolewa kwa kitambaa shingoni kinachobadilishwa kikilowa, na kidevu kikaushwe kwa kugusa bila kusugua ili ngozi isichubuke. Pili mkojo. Mkojo ni najisi, hatubishani. Lakini watoto wengi hawa wana saa zao. Mama akimpakata juu ya poo asubuhi, kisha baada ya kula, kisha kabla ya kutoka nyumbani, kila siku bila kuruka, baada ya miezi kadhaa wengi hupata desturi. Asiyeweza avalishwe nepi ya kitambaa na suruali ya plastiki juu yake, akalie mkeka wake mwenyewe wenye nailoni chini, na nguo za kubadilisha ziwe kwenye mfuko wake. Nepi isikae mwilini saa nyingi, kwa kuwa vidonda vya makalio kwa mtoto asiyejigeuza huanza vidogo na huishia kwenye mfupa. Mwanafiqhi yeyote atakueleza pia kuwa mtu asiyezuia mkojo ana hukumu zake za udhuru na swala haimdondoki. Na sote tumeisoma hadithi ya bedui aliyekojoa msikitini. Masahaba walitaka kumkemea, Mtume (s.a.w) akawazuia, akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Yule alikuwa mtu mzima mwenye viungo vyake vyote! Kama msikiti wa Madina ulitosheka na ndoo ya maji, baraza letu la makuti litashindwa nini?

Hoja ya pili ni kwamba hawezi kukaa. Hapa delta yetu ina utajiri ambao hatuutumii, nao ni mafundi. Fundi anayeunda mtumbwi akanyoosha mbao kwa jicho tu hawezi kushindwa kiti cha pembe: mbao mbili zilizoungana kama kona ya nyumba ili mabega yaje mbele, kikalio, kigingi kilichoviringishwa kitambaa katikati ya mapaja ili miguu isipishane, mkanda wa kiunoni, na meza ndogo mbele. Mtoto aliyezoea kutazama dari akikalishwa humo, mikono yake inakuja mbele na macho yanakutana na ya mwalimu. Kiti kipimwe kwa mtoto mwenyewe, na akikua kibadilishwe. Na jamani, viungo vilivyokaza vinyooshwe taratibu na kwa mafunzo. Kumvuta kwa nguvu kunaweza kuvunja mfupa.

Kufundisha kwenyewe si kugumu kama inavyodhaniwa. Qur'ani tuliipokea kwa masikio kabla ya wino. Mkalishe karibu na wanaosoma kwa sauti, naye atahifadhi kabla hujajua. Asiyezungumza mtafutieni "ndiyo" na "siyo" yake. Wapo wanaotazama juu kwa ndiyo, wapo wanaofumba macho. Andika alifu na be kwenye vibao viwili, shika kimoja huku na kimoja kule, uliza alifu iko wapi, kisha subiri. Kusubiri ndiyo kazi. Anaweza kuchukua nusu dakika kuyapeleka macho, na mwalimu mwenye haraka atasema hajui. Fimbo hapa haina nafasi, maana mtoto huyu akishituka mwili mzima hukaza.

Anayedhani madrasa haiwezi kubadilika aangalie Mombasa. Mwaka 1986 Mwalimu Bi Swafiya Said alianza kazi ya kuingiza malezi ya awali ndani ya madrasa kwa msaada wa Aga Khan, wakitumia vifuu, mbegu na kokwa kuwa vifaa vya kufundishia. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wakati ule nao wapo walionung'unika kuwa madrasa si mahali pa michezo.

Lishe nayo haina budi kutajwa. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, uliwakuta watoto wapatao 3 katika kila 1,000 wakiwa na mtindio wa ubongo, ila walikuwa wengi kwa watoto wadogo kuliko wakubwa. Maana yake inatisha: wakubwa hawapo kwa sababu wengi wamekwishafariki. Wenye ulemavu mkubwa na utapiamlo ndio walio hatarini zaidi. Kwa hiyo usimlishe akiwa amelala chali, chakula kitaingia njia ya hewa na kumletea homa ya mapafu. Mkalishe wima, kichwa kiiname kidogo mbele, kijiko kidogo, uji mzito badala ya maji maji, na umuache ameze kwanza. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Tena alishwe pamoja na wenzake. Baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa aya ya 61 ya Surat An-Nur ilishuka kuondoa uzito waliokuwa nao watu katika kula pamoja na vipofu, viwete na wagonjwa.

Saa hiyo ya kulisha, mara tatu kwa siku, ukiongeza kumuogesha, kumfulia na kumbeba, ni ya nani? Ni ya mama peke yake. Nimewaona wengi wao kliniki, na wengi wanakuja bila mume. Ameoa kwingine, amesema ukoo wake hauna watoto wa hivyo. Wanaume wenzangu, jeraha la ubongo halichagui ukoo, na nafaka ya mtoto huyo ipo shingoni mwako hata ukihamia Utete. Na imamu anayemjua baba wa namna hiyo asikae kimya kwa kuwa tu jamaa anachangia mafuta ya jenereta.

Jirani naye anaweza kutoa asubuhi moja kwa wiki amkalie mtoto, mama aende shamba la mpunga au alale tu. Nahodha anaweza kumpakia bure siku ya kliniki. Kuhusu kutumia zaka kwa kiti au nauli ya mtoto wa fukara, waulizeni masheikh wenu, kisha mkishajibiwa mtekeleze.

Mwenye mtoto aliyefikisha miezi sita shingo haijakaza, au miezi tisa hakai, au anayekunja ngumi muda wote, amlete kituo cha afya akiwa na kadi yake ya kliniki, na aseme yote aliyoyaona tangu kuzaliwa. Anayemeza dawa za kifafa asizikatishe ghafla hata akikaa mwezi mzima bila kuanguka. Na maalim anayetaka vipimo vya kiti cha pembe aje na fundi wake siku ya kliniki, mtoto akiwepo, tupime pamoja.