Jile kwanza, mizani baadaye

Ndugu mfanyakazi, wewe unayetayarisha kayaki kwa mashindano ya kuvua makobo kule Tshangalele, ziwa la baraji ya Mwadingusha iliyoanza kutoa umeme mwaka 1930: ndobo ziko tayari, minyoo iko kwenye kopo. Na jile ya kuelea iko wapi? Umeiacha nyumbani, sababu inazuia mikono!

Mgodini hushuki bila kaske, kapita atakurudisha. Ziwani hakuna kapita. Makobo hupenda kukaa karibu na matete, na pale mtu husahau wingu linalokuja, anafikiri mizani tu. Ukisimama kumvuta samaki, kayaki inapinduka. Buti na kabuti vikijaa maji, hata anayejua kuogelea anashindwa.

Kwa maoni yangu, asiyevaa jile asipimiwe samaki wake, hata akileta wa kilo 2. Ngurumo ya kwanza ikisikika, wote warudi kando na mizani ifungwe. Aliyetoka kazi ya usiku alale kwanza.

Na wewe mama, usimpe mumeo chakula cha safari kabla hajakuonyesha jile, imefungwa vifungo vyote.