Ukinenepa watasema, ukikonda watasema: kabla hujakubali puto au upasuaji wa uzito

Mama mmoja anayeuza mchele Soweto, hapa Mbeya, alikuja kliniki hivi karibuni akiwa ameshika simu yenye video ya mtu aliyewekewa puto tumboni. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, na ameridhia niandike. Ana miaka 41, kilo 118, urefu wa sentimita 162. Ana kisukari, anameza dawa mbili za presha, na magoti yamemchosha kiasi kwamba hupanda bajaji kwenda sokoni, mwendo ambao zamani alitembea kwa dakika kumi akiwa na mtoto mgongoni. Nilitegemea aulize kama inauma, au ni shilingi ngapi. Hakuuliza hayo.

"Daktari, nikikonda ghafla, pale sokoni nitawaambia nini?"

Ndugu msomaji, zamani ningelichukulia swali hilo kama jambo la pembeni, nikarudi kwenye vipimo vya sukari. Siku hizi naliandika kwenye faili. Wagonjwa wengi huamua lini waje hospitali, wafiche nini na waache dawa gani kwa kuangalia watu watasema nini, na kwenye tiba hii kuficha kunaweza kukulaza wodini.

Tuanze na jinsi mazungumzo haya yalivyotufikia. Miaka ya nyuma, Mtanzania aliyetaka tiba ya uzito ya aina hii alisafiri nje, India hasa, kama mfuko uliruhusu. Mwishoni mwa 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila ilianza kuweka puto, na baadaye ukafuata upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Mwanamuziki Peter Msechu alijitokeza hadharani kueleza kwamba amewekewa puto, jambo ambalo kwa mtu maarufu lilihitaji ujasiri. Kipindi hicho hicho Profesa Mohamed Janabi, akiwa mkurugenzi mtendaji wa Muhimbili, alizungumza mara kwa mara kuhusu sukari, kitambi na kupunguza milo. Mpaka leo ukiongeza wali kwenye sherehe kuna mtu atakuuliza kama Janabi anajua.

Nayaheshimu mazungumzo yale. Yaliwafanya wanaume wa makamo wapime viuno vyao kwa mara ya kwanza. Lakini mtaani yalisikika nusu. Watu walibeba wazo kwamba unene ni suala la mdomo tu, kwa hiyo anayekwenda kupasuliwa ameshindwa kufunga mdomo. Tena habari za puto zilipita pamoja na habari za upasuaji wa kurekebisha maumbile, makalio na matiti, katika hospitali hiyo hiyo. Vikachanganywa. Mama mwenye kisukari na magoti yaliyokwisha akaonekana anatafuta umbo la kuvalia gauni.

Lugha yetu yenyewe haina huruma hapa. Mafuta ya tumboni tunayaita nyama uzembe, yaani mwili wako unakutolea ushahidi wa uvivu kabla hujafungua mdomo. Na bado watu hao hao wanaokuita bonge, ukitoka likizo umeongezeka, watakwambia umependeza, umenawiri, mume anakutunza. Ukipungua wanakuonea huruma. Au wananong'ona.

Minong'ono hiyo huku kwetu ina historia yake. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 4.4 nchini, lakini Njombe ni 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Hakuna ukoo hapa ambao haujazika. Wenye umri wangu tunakumbuka miaka ya kabla ya dawa, mtu alipoanza kukonda ukajua utarudi kwao na mkeka. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Soweto akipungua kilo 25 kwa nusu mwaka, jirani hafikirii tumbo la chakula. Anafikiria kile alichokiona mwaka 1998. Mama yule hakuwa anajidekeza. Anajua wateja wanaweza kuhama.

Sasa swali ambalo majirani huliuliza kwa dhihaka na mimi nalijibu kwa dhati: kwani hawezi kula kidogo tu? Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilitoa agizo hilo. Punguza wanga, tembea, rudi baada ya miezi mitatu. Aliporudi na kilo zaidi, nilidhani ananidanganya. Nilikosea. Mtu mwenye unene uliokithiri akipungua kwa kujinyima, mwili hupokea jambo hilo kama njaa. Homoni ya njaa hupanda, za kushiba hushuka, na matumizi ya nguvu mwilini hupungua ili kilo zirudi. Wengi hupungua kweli, kisha hurudia uzito wao, pengine na nyongeza. Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene uliokithiri kuwa ugonjwa sugu, kama tunavyouhesabu ugonjwa wa presha.

Upasuaji unaingilia mfumo huo. Katika ule unaofanywa zaidi, daktari hupitia matundu madogo na kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya tumbo la chakula, likabaki mrija mwembamba. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza homoni ya njaa kwa wingi, ndiyo maana wengi husema njaa ile ya kuwakaba haipo tena. Aina nyingine hukatiza njia ya chakula, kikaruka sehemu ya utumbo mdogo. Kwa wastani watu hupoteza karibu robo ya uzito wao, wengine zaidi, na kisukari kwa wengi hutulia, hata kufikia kuachishwa dawa. Sweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu zaidi ya 4,000, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, na waliopasuliwa walikufa kwa idadi ndogo zaidi kadiri miaka ilivyopita.

Puto ni jambo jingine, wala tusilichanganye. Hakuna kukatwa. Huingizwa kwa mdomo, hujazwa, hukaa kwa kawaida miezi sita, aina nyingine mwaka, kisha hutolewa. Hupunguza wastani wa asilimia 10 ya uzito, na kwa wengi sehemu ya kilo hizo hurudi likishatoka kama mlo haukubadilika. Kwa mama mwenye kilo 118 hiyo ni kilo 12 hivi. Zinasaidia, lakini hazilingani na alichokiona kwenye video.

Nani anafaa? Gawa kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mama yule anapata 45. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 wa madaktari wa upasuaji huu unapendekeza upasuaji kuanzia 35, hata bila ugonjwa mwingine, na unaruhusu kuufikiria kuanzia 30 kwa mwenye kisukari. Kama umepata 27 na unataka kuvaa gauni la harusi ya mdogo wako, makala hii si yako.

Hatari zipo. Kwenye vituo vyenye uzoefu, vifo ni karibu mtu 1 hadi 3 kati ya 1,000, kiwango kinachokaribiana na upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo. Mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda miguuni, kiungulia kinaweza kuzidi, mawe ya nyongo hujitokeza kwa baadhi. Ngozi hulegea. Na virutubisho utavimeza maisha yako yote.

Narudi kwenye kuficha, maana hapa ndipo ninapopoteza usingizi. Mtu wa Mbeya anapasuliwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka kwake. Anarudi na basi, amewaambia watu alikwenda kumwona shangazi. Wiki ya tatu goti linauma, anakwenda duka la dawa, anapewa diklofenaki kama wote tunavyopewa. Dawa hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, inaweza kumtoboa kidonda kwenye tumbo lililotoka kuunganishwa, hasa kwa aliyekatiziwa njia ya chakula, na hata mwenye puto haimfai. Muuzaji hana kosa. Hakuambiwa.

Au anatapika kwa siku kumi, anasema ni malaria. Kutapika mfululizo baada ya upasuaji huu humaliza vitamini B1 mwilini, na miguu ikaanza kulegea, macho yakacheza, akili ikavurugika. Daktari wa zamu anayejua historia yake atampa vitamini hiyo kwa sindano kabla ya dripu ya glukosi. Asiyejua ataanza na glukosi, na hali inaweza kuwa mbaya zaidi.

Au ana puto, nauli ya kurudi imekosekana, mwezi wa sita umepita na hakuna ndugu anayejua ili amchangie. Puto lililopitiliza muda linaweza kupasuka, likashuka na kuziba utumbo. Maputo mengi hujazwa maji yenye rangi ya buluu kwa sababu hiyo: ukiona mkojo umekuwa wa kijani au buluu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wanawake kuna jambo ambalo aibu hulifunika kabisa. Uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba hupanda, hata kwa aliyekaa miaka kumi bila mtoto. Tunashauri kusubiri kati ya miezi 12 na 18, na vidonge vya uzazi wa mpango havitegemeki vizuri baada ya njia ya chakula kukatizwa. Ongea na muuguzi kuhusu kipandikizi au kitanzi kabla ya kusafiri. Na wa Iringa, samahani, lakini ulanzi nao: baada ya upasuaji pombe hupanda kichwani haraka kuliko ulivyozoea, na baadhi ya watu huanza ulevi ambao hawakuwa nao.

Kama unaishi na VVU, usijitoe kwenye mjadala. Baadhi ya wanaotumia dawa za sasa huongezeka uzito, na VVU pekee haizuii upasuaji. Lakini CTC lazima wajue, kwa sababu vidonge vya chuma na kalsiamu utakavyopewa vinaweza kupunguza nguvu ya dolutegravir vikimezwa pamoja bila chakula.

Kwa hiyo nilimwambia mama wa Soweto hivi: soko zima halikuhusu, lakini watu wanne lazima wajue. Mtu mmoja wa nyumbani atakayeweza kukupeleka hospitali usiku. Daktari wako wa hapa. Muuzaji wa duka la dawa unalolitumia. Na mtu mmoja mwenye uwezo wa kukopesha nauli. Wengine wote waambie sentensi moja, ile ile kila siku, bila kuongeza: "Nilikuwa na sukari, nimetibiwa, naendelea vizuri." Ni kweli tupu, na haimpi mtu pa kuchimba. Anayetaka kuchimba muulize bei ya mchele wake.

Kwa wale wanaosema unabadilisha uumbaji wa Mungu, sina ugomvi nao, ila nawaona kliniki wakija kutolewa mtoto wa jicho. Mume anayesema alikupenda ukiwa hivyo hivyo, mara nyingi ana hofu mbili: kwamba utakufa mezani, na kwamba utapendeza ukaondoka. Ya kwanza mlete nimwonyeshe takwimu. Ya pili mtaimaliza wenyewe.

Wazazi, neno moja. Kama mtoto wako ni mzito, acheni kumwita Bonge nyumbani, hata kwa mapenzi. Mtoto anayechekwa hujificha kula, huchukia michezo, na uzito huzidi. Kwa wengi wao kuondoa soda na juisi za sukari nyumbani, na kumpa nafasi ya kukimbia, ni mwanzo mzuri. Upasuaji kwa vijana upo duniani, kwa wachache wenye hali nzito na baada ya uchunguzi wa timu nzima.

Ukiamua kulifuatilia jambo hili, anza hapa ulipo. Pima sukari, presha, damu, na bakteria wa vidonda vya tumbo. Sema kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini, kwa sababu daktari wa usingizi anahitaji kujua. Uliza bima yako kwa maandishi inalipia nini na hailipii nini. Uliza kituo nani atakufuatilia ukiwa Mbeya, na kama jibu ni "tupigie simu", uliza namba ya nani. Unaweza pia kusikia yote haya ukasema hapana. Nina wagonjwa waliokataa, tunaendelea na dawa na mlo, na sijawahi kuwaona waoga.

Mama wa Soweto bado hajaamua. Alikunja karatasi yenye nafasi nne, tatu zikiwa zimejazwa majina, akaiweka kwenye pochi ya mauzo. Ya nne, ya mtu wa nyumbani, iko wazi. Amesema atarudi na mume wake mchele wa Kyela ukipungua sokoni, maana kwa sasa hawezi kufunga meza hata nusu siku.