UDEREVA WA JESHINI UHESABIWE

Dereva aliyelitumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania miaka kumi na zaidi, akalipitisha lori lenye shehena na askari katika tope la masika na miteremko ya mikoani, akivua sare na kwenda kuomba kazi uraiani huulizwa jambo moja kwanza: leseni ya daraja gani, na cheti cha chuo kipi?

Swali hilo si la kipuuzi. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na marekebisho yake, leseni zina madaraja. C ni ya magari ya abiria, na E ya malori makubwa. Tena Sheria ya mwaka 2019 iliyounda LATRA imeipa mamlaka hiyo kazi ya kusajili na kuthibitisha madereva wa magari ya biashara. Hatusemi masharti hayo yavunjwe kwa kuwa mwombaji alivaa sare.

Tunachosema ni kwamba mtu huyu asihesabiwe kuwa mwanagenzi. Jeshi lenyewe linajua nani alishika usukani wa gari gani, kwa miaka mingapi, na nani aliligonga. Katika vita vya Kagera vya 1978-1979, malori na mabasi ya uraiani yalichukuliwa kwenda kubeba majeshi, na Taifa halikuona haya. Lisione uzito leo kuchukua ujuzi wa jeshini kwa kazi za uraiani. Marekani, kwa kanuni za mwaka 2011, iliruhusu majimbo yake kumsamehe mtihani wa barabarani askari aliyeendesha gari la aina hiyo miaka 2, mradi awe hana makosa makubwa ya usukani.

Sisi tusingekwenda mbali kiasi hicho. Kutoka Upanga, palipokaa Makao Makuu ya Jeshi miaka mingi, hadi Kariakoo ni mwendo mfupi tu wa kuvuka Barabara ya Morogoro. Lakini msafara wa jeshi, ambao kila mtu huupisha, haufanani na Mtaa wa Msimbazi wenye mikokoteni, bajaji na wachuuzi waliotandaza bidhaa hadi barabarani. Na abiria si askari. Hakai kwa amri, hubishania nauli, hushuka gari halijasimama, na mtoto yuko mgongoni.

Basi asamehewe mafunzo ya kushika usukani, ambayo ni kumpotezea fedha za kiinua mgongo. Masomo ya kuhudumia abiria na mtihani wa barabarani vibaki. Vifanyike miezi michache kabla hajaagwa, angali analipwa mshahara, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Mabibo kinaweza kuwapeleka wakufunzi kambini. Kikosi kimwandikie barua ya kutaja magari aliyoendesha na miaka yake. Afisa atakayetia sahihi barua ya mtu ambaye hakupata kuendesha lori, aitwe yeye kujieleza.