Teja, unga na ramani ya ubongo

Wadau, mtaani ukisema "teja" watu wanashika mifuko yao. Hukumu ni moja tu: kajitakia mwenyewe. Sasa hebu tuone sayansi inasemaje, maana mambo yamesogea.

Ubongo wa binadamu una seli za neva kama bilioni 86. Mwaka 1954 kule Montreal, Olds na Milner waliona kuwa panya akipewa umeme kidogo sehemu fulani ya ubongo, anabonyeza swichi mara elfu na zaidi ili aupate tena. Sehemu ya raha ikajulikana, lakini seli zipi hasa? Oktoba 2023 ikatoka ramani ya ubongo wa binadamu yenye aina zaidi ya 3,000 za seli. Marekani, taasisi ya NIDA nayo imefadhili mradi wa SCORCH, unaochunguza seli moja moja kuona zinavyobadilishwa na dawa za kulevya pamoja na virusi vya UKIMWI. Hapo linatuhusu, kwa sababu anayejidunga kwa sindano ya kuchangia anaweza kupata vyote viwili.

Unga unafanyaje kazi? Kuna seli zinazotoa dopamini, na kuna nyingine zinazozishikia breki. Heroini inalegeza hizo breki, dopamini inamwagika. Ukitumia kila siku ubongo unauzoea, na siku ukikosa, arosto hiyo! Hapo mtu hatafuti raha tena, anakimbia maumivu.

Ila tusidanganyane, ramani siyo dawa. Kuijua seli hakumponyi mtu leo. Wala haina maana kwamba teja hana uamuzi, maana wapo walioacha. Kinachosaidia sasa hivi ni methadoni, ambayo inakaa kwenye vipokezi vilevile vya heroini lakini taratibu, na arosto inatulia. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011. Kwa kawaida mgonjwa anainywa kila siku mbele ya mhudumu.

Kila siku, jamani! Hiyo inataka nauli, familia isiyomfukuza, na njia ambayo hakamatwi kama kibaka kwa sababu ya sura yake tu. Hayo hayamo kwenye ramani yoyote ya seli. Hayo yako mikononi mwetu.

Swali langu kwenu: kijana wa mtaani kwako akimaliza mwaka anakunywa methadoni, utampa kibarua? Jibuni kwa ukweli, matusi hapana.