Binti aliyefukuzwa nyumbani kwa kutaka kuigiza

Hebu tuseme, msomaji, ni Ijumaa jioni na binti yako amerudi kutoka kazini. Ni karani katika shirika linalojulikana, mshahara wake unafika kila mwisho wa mwezi, na majirani humtolea mfano wanapowaasa watoto wao. Anaketi, anakunywa chai, kisha anakwambia kuwa ameacha kazi. Anataka kuwa mwigizaji. Utamjibu nini?

Mama mmoja wa mtaa wa Harlem jijini New York hakuhitaji muda wa kufikiri. Alimwambia bintiye kwamba mambo hayo hayatafanyika katika nyumba yake, akamfukuza. Binti huyo ni Cicely Tyson, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua, na ndiye tunayesimulia habari zake leo.

Lakini tusiharakishe kumlaumu mama huyo. Yeye na mumewe walikuwa wahamiaji kutoka Nevis, kisiwa kidogo katika bahari ya Karibi. Cicely alizaliwa Desemba 19, 1924. Baba alikuwa seremala na mama alifanya kazi katika nyumba za watu. Ndoa yao ilipovunjika, mama alibaki akihangaika na watoto, naye Cicely akiwa bado mdogo aliuza mifuko mitaani ili kuongeza senti za nyumbani. Familia hiyo ilishikilia kanisa kwa mikono miwili. Huko ndiko Cicely alikoimba na kupiga piano, na huko ndiko alikofundishwa kwamba sinema ni njia ya kumpeleka mtu motoni.

Isitoshe, Cicely alikuwa amejifungua mtoto wa kike akiwa bado msichana mdogo. Mama alikwisha kuona binti yake akiteleza mara moja. Alipomsikia sasa akitaja jukwaa, alichokiona mbele ni shimo jingine. Wazazi wangapi hapa Nairobi wangeona tofauti?

Cicely alikuwa mpiga chapa katika shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani. Siku moja alisimama akawaambia wenzake kwamba hakuamini Mungu alimuumba akae mbele ya taipureta maisha yake yote. Akaondoka, akaanza kupigwa picha za mitindo ya mavazi, kisha akajiunga na waigizaji. Yeye na mama yake walikaa muda mrefu bila kusemezana. Hatimaye mama alikwenda kumwona jukwaani, na watu walipompigia binti makofi, mama naye alijawa na fahari.

Mwaka 1961 alipata nafasi katika The Blacks, mchezo wa Mfaransa Jean Genet, uliochezwa New York zaidi ya mara 1,400. Miongoni mwa aliokuwa nao jukwaani ni James Earl Jones na Maya Angelou. Miaka miwili baadaye aliingia katika kipindi cha runinga kiitwacho East Side/West Side, akiigiza kama karani wa ofisi. Kilichowashangaza watazamaji ni nywele zake. Wakati huo mwanamke mweusi kuonekana kwenye runinga bila kunyoosha nywele ulikuwa karibu mwiko. Cicely alizikata fupi, akaziacha jinsi alivyozaliwa nazo. Wasusi walilalamika kwamba anawaharibia biashara, kwa kuwa wateja walianza kumuiga.

Kisha ikaja sinema ya Sounder mwaka 1972. Cicely aliigiza kama Rebecca, mke wa mkulima maskini wa Louisiana anayefungwa jela kwa kuiba chakula cha kulisha watoto. Mama huyo analima, anafua nguo za watu na kuilinda familia, bila kupoteza heshima yake hata kidogo. Cicely aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, ingawa hakuishinda.

Alipokuwa akizunguka kuitangaza sinema hiyo, mwandishi mmoja wa habari, mzungu, alimkiri jambo. Alisema alisumbuka moyoni kumsikia mtoto mweusi katika sinema akimwita baba yake kwa jina lile lile ambalo watoto wake humwita yeye. Fikiria, msomaji. Mtu mzima aliyesoma, na hajawahi kuwaza kwamba mtoto mweusi anaweza kumpenda babake kama watoto wake wanavyompenda yeye!

Maneno hayo yalimchoma Cicely. Akajiapiza kwamba hatachukua kazi kwa sababu ya pesa pekee. Ikiwa watu kama huyo hujifunza kwa sinema kuhusu watu weusi, basi yeye hatakuwa chombo cha kuwafunza uongo. Miaka hiyo Hollywood ilikuwa ikitengeneza sinema nyingi ambamo mwanamke mweusi alikuwa kahaba au mlevi wa dawa za kulevya. Cicely alizikataa.

Tusidanganyane, kukataa kuna gharama. Kuna nyakati alikaa muda mrefu bila kazi huku wenzake wakilipwa. Wala hakukataa kuigiza maskini. Mwaka 1974 katika The Autobiography of Miss Jane Pittman aliigiza mwanamke aliyezaliwa utumwani, kuanzia ujana wake hadi umri wa miaka 110, akashinda tuzo mbili za Emmy. Mwaka 1977 alikuwa mama yake Kunta Kinte katika Roots. Mwaka 2011 aliigiza kama mtumishi wa nyumbani katika The Help. Alichokataa ni mhusika asiye na utu.

Nyumbani hakukuwa na raha daima. Ndoa yake na mpiga tarumbeta mashuhuri Miles Davis, waliyofunga mwaka 1981, ilikwisha kabla ya mwongo huo kumalizika. Na kwenye majumba makuu ya Broadway alikosekana kwa miaka 30 tangu mwaka 1983.

Alirudi mwaka 2013 na mchezo aliokuwa ameutamani kwa miaka mingi, The Trip to Bountiful. Unahusu ajuza anayeishi na mwanawe na mkaza mwana katika nyumba ndogo ya mjini Houston, akitoroka apande basi kwenda kukiona kijiji alikozaliwa kabla hajafa. Wewe unayeishi na nyanya katika vyumba viwili huku Umoja au Kayole, naye kila jioni anauliza habari za shamba, bila shaka unamfahamu ajuza huyo. Cicely alipoimba wimbo wa kanisani akiwa kituo cha basi, watazamaji waliitikia kana kwamba wako ibadani. Binti aliyefukuzwa na mama aliyeshika dini aliligeuza jumba la maigizo kuwa kanisa! Akashinda tuzo ya Tony akiwa na miaka 88.

Heshima zikafuatana. Mwaka 2016 Rais Barack Obama, ambaye babake alitoka Kogelo, alimvika Nishani ya Rais ya Uhuru. Mwaka 2018 alipewa Oscar ya heshima, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Kitabu cha maisha yake kilitoka Januari 26, 2021. Siku mbili baadaye alifariki akiwa na miaka 96.

Basi mwanafunzi unayesoma safu hii ukiwa umetoka kwenye mazoezi ya tamasha la drama, usikimbie na nusu ya kisa hiki. Cicely hakufanikiwa kwa kumkaidi mama tu. Alijua atakachokubali na atakachokataa, akavumilia njaa iliyofuata.

Nawe mzazi, binti akikuletea habari kama hiyo ya Ijumaa jioni, usimwonyeshe mlango upesi. Muulize kwanza ni kazi gani ambayo hata akilipwa mamilioni hataifanya. Akiwa na jibu, mmiminie kikombe cha pili cha chai.

Tukutane Jumapili ijayo.